Hapana, goli la kina dada halishushwi

Kaa jukwaani mechi ya ligi ya mkoa ya kikapu hapa Mwanza, wanawake wakianza kupasha, utamsikia mtu: "Hawa si wanashushiwa goli?" Juzi kaka mmoja nyuma yangu alimweleza mwanawe hivyo kwa uhakika kabisa, karanga mkononi.

Goli ni lile lile. Ringi iko mita 3.05 kutoka sakafuni, kwa wanaume na wanawake. Uwanja ni mita 28 kwa 15, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75, robo ni nne za dakika kumi kumi, na sekunde 24 za kushambulia hazibagui mtu.

Kinachobadilika ni mpira. Wanaume wanatumia namba 7, wenye mzingo wa karibu sentimita 76. Wanawake namba 6, karibu sentimita 72, tena mwepesi kidogo. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ilianza kuutumia kwa wanawake mwaka 2004, kwa sababu ya ukubwa wa kiganja. Ukitaka kuuona utofauti, subiri mapumziko uishike yote miwili: namba 6 vidole vinauzunguka vizuri, namba 7 unakuteleza. (Mwenye viganja vidogo kama mimi ataelewa haraka.)

Na ule uvumi mwingine, kwamba ligi ya namna hii inalipa mshahara kamili? Mtazame yule dada anayeingia amechelewa, sare ya kazini bado mwilini, anafunga kamba za viatu huku kocha anaangalia saa.