Barua pepe taka na simu za matangazo: maana yake na namna ya kuzikabili

Barua pepe taka ni ujumbe, aghalabu wa matangazo, unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo bila wao kuuomba. Kinachoufanya uwe taka ni kukosekana kwa ridhaa, wala si ubaya wa bidhaa. Jarida ulilojiandikisha mwenyewe, hata likuchoshe vipi, si taka. Simu za matangazo nazo hupimwa kwa kipimo hichohicho.

Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa masoko wa Digital Equipment Corporation nchini Marekani, aliwatumia watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo la kompyuta mpya. Alilalamikiwa vikali, lakini kompyuta zikauzika. Mchezo ni uleule hadi leo: kutuma ni karibu bure, hivyo akipatikana mnunuzi mmoja kati ya maelfu, mtumaji keshapata faida yake. Kumjibu kwa matusi hakumpunguzii kitu. Kunamwongezea, kwa sababu sasa anajua kwamba anwani ina mtu.

Hata kufungua tu kunaweza kukusemea. Barua nyingi zina picha ya pikseli moja, yaani nukta moja tu ya skrini, isiyoonekana kwa macho. Ukifungua, picha inaitwa kutoka kwenye seva (kompyuta) ya mtumaji, naye anapata habari kwamba umesoma, na saa ngapi. Nenda kwenye mipangilio uzime upakuaji wa picha wa moja kwa moja. Ni kazi ya dakika moja, na sielewi kwa nini watu wengi hawaifanyi.

Je, ubofye kiungo cha kujiondoa? Inategemea nani kaandika. Kama ni kampuni unayoifahamu, bofya. Sheria ya Marekani ya 2003 hairuhusu zaidi ya siku 10 za kazi kutimiza ombi hilo, ingawa, cha ajabu, inaliachia tangazo la kwanza lije bila hodi. Umoja wa Ulaya kwa kawaida hutaka ridhaa kwanza. Kama humjui aliyeandika, usibofye chochote. Iweke alama ya taka, ili kichujio cha barua pepe yako kijifunze kuzitambua.

Kwenye simu, unapokea, unasema haloo, kimya, kisha inakatika. Mara nyingi hiyo ni programu inayopiga namba nyingi kwa pamoja na kuwaunganisha wanaopokea na wauzaji walio huru. Wauzaji wakipungukiwa, waliobaki wanakatiwa. Namba unayoiona nayo inaweza kuwa ya kughushi, ndiyo maana kuizuia husaidia kidogo tu: kesho watakuja na nyingine. Usiipigie kwa hasira, maana huenda ukamgombeza mwenye namba halisi asiyejua lolote. Ukiwa hutarajii simu, iache iite. Mwenye shida ya kweli atatuma ujumbe.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kumnasa aliyekuuza. Baadhi ya huduma za barua pepe, Gmail ikiwemo, hukuruhusu kuongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako. Unapojisajili duka la viatu, andika jina+viatu kabla ya alama ya @. Barua zitakufikia kama kawaida. Siku tangazo la mikopo litakapoingia kupitia jina+viatu, utajua ni duka gani limeigawa au limeibiwa anwani yako.