Kabla hujachapa jarida la muziki, kaa na wasomaji kwanza

Vijana wengi wanaokuja chuoni kwetu na wazo la jarida la muziki wanakuja na kava tayari. Picha ya msanii ipo, jina la jarida lipo kwa maandishi makubwa, rangi zinawaka, kazi nzuri kabisa, alafu nikiuliza nani atanunua najibiwa "vijana wote wanaopenda muziki". Hapo ndo huwa naomba kava tuiweke pembeni, kwasababu huyo "vijana wote" hayupo, hajawahi kusimama kwenye meza ya magazeti akatoa hela.

Juzi binti mmoja alikuja na dodoso alilotengeneza mwenyewe. Swali la kwanza, je unapenda muziki? La pili, je ungependa kuwe na jarida jipya la muziki? La tatu, je utalinunua? Karatasi zote zimetikiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo, na yeye ana furaha kweli. Ilibidi nimwambie ukweli, mwanangu hizi karatasi hazijakwambia kitu. Mtu ukimfuata uso kwa uso ukamuuliza kama anataka kitu kizuri atasema ndiyo, huo ni ustaarabu wetu tu, nani atake kukukatisha tamaa? Tukakaa chini tukayaandika upya. Mara ya mwisho umetoa hela kwa ajili ya muziki ni lini, ulinunua nini, bando, tiketi ya shoo, fulana, na ilikuwa shilingi ngapi? Wiki hii umesoma nini kuhusu msanii, ulikiona wapi, ukamtumia nani? Unaona hapo hatumuulizi angependa nini, tunamuuliza alifanya nini, na mtu akikumbuka alichofanya ni vigumu kukupa jibu la kukufurahisha.

Mfano ambao huwa siachi kuutoa ni wa Uingereza. Mwaka 1986 kulikuwa na magazeti ya muziki ya kila wiki yenye majina makubwa, NME, Melody Maker, Sounds, na yote yanagombania vijana walewale. Mark Ellen na David Hepworth, ambao walishapita kuhariri Smash Hits, jarida la muziki la vijana, wao wakaangalia upande mwingine, wakamuona mtu mzima, ana kazi, ana mshahara, anaanza kununua tena kwenye CD muziki aliokulia, na hamna gazeti linaloongea naye. Wakamtengenezea Q, la kila mwezi, karatasi nzuri, picha nzuri, na kurasa nyingi za kuchambua albamu na kuzipa alama za nyota ili ajue hela yake aiweke wapi. Likadumu mpaka 2020. Mi naona siri yake ilikuwa huyo mtu kuliko hata uandishi wenyewe, na uandishi ulikuwa mzuri sana.

Sasa lete hiyo nyumbani. Waliokuwa sekondari Bongo Fleva inapanda miaka ya mwanzo ya 2000 leo wanagonga miaka 40, wana watoto, wana vyeo, na nyimbo za enzi zao wanaziimba zote mpaka leo. Sisemi wao ndo watakuwa wasomaji wako, nasema nenda kawaulize. Nenda na kwa kinamama wa taarabu, nenda Manzese na Tandale kwa watoto wa singeli, ila tafadhali usiwachanganye kwenye kikao kimoja! Ukimkalisha kijana na mtu wa umri wa baba yake, kijana ananyamaza, anaitikia tu shikamoo na ndiyo mzee, unaondoka hujapata kitu. Watu sita mpaka nane wanaolingana wanatosha, wape majarida ya zamani na mkasi wakate wanachokipenda, wewe kaa kimya usikilize wanabishana nini.

Kuna watafiti watatu, Elihu Katz, Jay Blumler na Michael Gurevitch, mwaka 1974 waliliweka vizuri sana hili, kwamba badala ya kuuliza chombo cha habari kinawafanya nini watu, uulize watu wanakitumia kufanyia nini. Smash Hits ilipoanza 1978 ilichapa mashairi ya nyimbo, na watoto walikuwa wanayahitaji kweli ili waimbe, walikuwa hawana pengine pa kuyapata. Intaneti ilipokuja mashairi yakawa bure kila mahali, na 2006 jarida likafungwa. Sio hilo tu lililoliua, ila swali lako liwe hapohapo, hiki nitakachompa msomaji sasa hivi anakipata wapi na kwa bei gani? Maana kama kwenye simu anakipata bure ndani ya dakika moja, karatasi yako lazima imletee kitu kingine.

Na usisahau wenye matangazo, wao nao ni hadhira yako. NME mwaka 2015 iliacha kuuzwa ikaanza kugawiwa bure, nakala zikaruka mpaka zaidi ya 300,000 kwa wiki, na bado Machi 2018 toleo la karatasi likasimamishwa. Kwaiyo kusomwa na kulipwa ni mambo mawili, kaulize kwenye maduka, saluni na kampuni za simu wanataka kumfikia nani na wanatenga shilingi ngapi, kabla hujaenda kwa mchapaji.

Yule binti bado hajachapa jarida. Nimemwambia atengeneze nakala moja tu ya mfano, kava na kurasa chache ndani, amwombe muuza magazeti wa mtaani kwake ailaze katikati ya magazeti mengine asubuhi watu wanapoenda kazini, alafu yeye akae pembeni na daftari aandike nani kaishika, kafungua ukurasa gani, kairudisha baada ya muda gani. Na anayeirudisha amfuate taratibu, amsalimie, amuulize alikuwa anatafuta nini humo ndani.