Upekuzi wa saa nane usiku na mlango uliovunjwa

Wezi wakizidi Chang'ombe au Nkuhungu, Dodoma, rai ni ileile: iteni FFU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, vunjeni milango saa nane usiku, mtaa utatulia. Nafanya kesi za jinai, na rai hii imenichosha. Inachukua kishindo na kukiita usalama.

Upekuzi una kazi mbili: kupata kinachotafutwa bila mtu kufa, na kukifikisha mahakamani kikiwa bado ni ushahidi. Wengi huifikiria ya kwanza tu, tena nusu yake.

Tuanze na mlango. Faida ya kushtukiza hudumu sekunde chache. Geti la chuma lenye komeo mbili halifunguki kwa pigo moja, na kwenye madirisha kuna grili. Kufikia pigo la tano, aliye ndani ameshaamka, na gizani hajui kama ni polisi au majambazi. Hata asiye na kosa atashika panga kuilinda familia yake. Louisville, Marekani, tarehe 13 Machi 2020, polisi walibomoa mlango baada ya saa sita usiku. Mpenzi wa Breonna Taylor alidhani wamevamiwa, akafyatua risasi moja. Polisi wakafyatua 32. Breonna akafa, na risasi nyingine zikaingia hadi kwa jirani. Sasa fikiria vyumba vya kupanga vilivyobanana, na bunduki ya SMG ambayo risasi yake hutoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Mlango wa bati hauizuii.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu muda mwingine. Watu huona hiyo ni huruma kwa wezi. Sivyo kabisa! Mchana mjumbe wa mtaa anapatikana ashuhudie upekuzi, na anaona.

Hapa ndipo kesi nyingi hufia. Shahidi huru, kama mjumbe huyo, aingie kabla upekuzi haujaanza. Kuitwa mwishoni asaini tu hakumfanyi kuwa shahidi wa chochote. Apekue askari mmoja au wawili, wengine wazingire nje. Kila kitu kiandikwe palepale: chumba kipi, chini ya nini, vipande vingapi, kitiwe alama, kifungwe, na hati ya ukamataji mali isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi. Kisha iandikwe nani alimkabidhi nani, hadi mahakamani. Mahakama ya Rufani ililieleza hilo wazi katika shauri la Paulo Maduka, rufaa ya jinai namba 110 ya 2007. Askari 15 wakijazana kwenye vyumba viwili, kila mmoja akifunua godoro lake, nani aliokota ile simu? Shahidi wa kwanza atasema sebuleni, wa pili atasema chumbani, na mwizi atarudi mtaani.

Silaha nzito zina mahali pake: mateka, au mtu anayefyatua risasi. Askari 8 waliouawa kwa kuviziwa Kibiti Aprili 2017 hawakustahili kwenda mikono mitupu. Lakini ACLU, shirika la haki za raia la Marekani, ilipochambua misako zaidi ya 800 ya SWAT, vikosi maalumu vya polisi wa huko, katika ripoti yake ya 2014, asilimia 79 ilikuwa ya kutekeleza hati za upekuzi. Mateka na mashambulizi ya namna hiyo yalikuwa asilimia 7. Utafiti nao haujatulia. Mwaka 2017 baadhi ya wachumi waliona vifaa vya kijeshi mikononi mwa polisi vinapunguza uhalifu. Waliorudia kwa takwimu bora miaka michache baadaye hawakuiona faida hiyo.

Kwa wizi wa mtaani, msubiri mtuhumiwa atoke, mkamate njiani akielekea kijiweni, halafu saa moja asubuhi pekua kwake mbele yake na mjumbe. Unga, yaani dawa za kulevya, ndio unaonisumbua. Gramu chache humwagwa chooni kabla hujamaliza kubisha hodi, na anayesubiri kuche anaweza kukuta chumba kitupu. Hapo hakimu aombwe ruhusa ya usiku kwa nyumba hiyo moja, kwa sababu zilizoandikwa, na hata hivyo sina hakika kwamba gramu hizo zinastahili hatari ya mtoto aliyelala chumba cha pili.