Basi na basu: irabu za ziada katika darasa la Akita

Wanafunzi wangu wa darasa la 5, ukiwaonyesha neno la Kiingereza "milk", husoma "miruku". Neno ambalo Mwingereza analitamka kwa pigo moja, kwao lina mapigo matatu. Katika mafunzo ya walimu wageni tuliambiwa tulirekebishe kosa hilo papo hapo, kila linapotokea. Nilifanya hivyo kwa miezi kadhaa, na nilichopata ni watoto walionyamaza.

Mimi ni mwalimu wa lugha, mzaliwa wa Malindi. Huu ni mwaka wangu wa 3 katika mji mdogo wa mkoa wa Akita, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani. Nilikuja kupitia JET, mpango wa serikali ya Japani ulioanza mwaka 1987, unaowaleta wageni kufundisha bega kwa bega na mwalimu mwenyeji. Mji wetu ni mashamba ya mpunga, kituo kimoja cha treni na shule ambazo watoto wake wanazidi kupungua. Mwaka 2017 wakazi wa mkoa mzima walishuka chini ya milioni 1. Ndiyo maana shule yangu si moja: Jumatatu niko hapa, Jumatano niko kule ng'ambo ya mto.

Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo rasmi kwa darasa la 5 na la 6, vipindi 70 kwa mwaka, kila kipindi dakika 45. Piga hesabu: ni saa 52 na nusu kwa mwaka mzima. Kwa muda huo mchache, mtoto akiogopa kufungua kinywa umekwisha kumpoteza.

Kilichonizindua ni Kiswahili changu. Silabi ya Kijapani huishia kwa irabu, isipokuwa ile ya n. Sisi nasi hatupendi neno lituishie kwenye konsonanti. Tukikopa, mara nyingi tunalifunga kwa i: basi, hoteli, tiketi, shati. Konsonanti ikiwa ya midomo, kama p au b, tunatia u: stempu, pampu, klabu. Wajapani hutia u karibu kila mahali, wakasema basu na hoteru, na baada ya t au d hutia o, hivyo tiketi kwao ni chiketto na kitanda cha kizungu ni beddo. Sheria mbili tofauti kidogo, kazi ileile. Mimi mwenyewe nililelewa na neno basi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nalikosea.

Basi nikachora safu tatu ubaoni: Kiingereza, Kijapani, Kiswahili. Bus, basu, basi. Glass, gurasu, gilasi. Nikawaomba wapige makofi, kofi moja kwa kila pigo. Bus ni kofi moja. Basu mawili. Basi mawili. Glass moja tena, gurasu matatu, gilasi matatu. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye tangu Aprili alikuwa hajanijibu neno, alisimama akaja ubaoni na kuzungushia duara kila irabu iliyoongezwa, zao na zetu, bila kuambiwa. Kisha akarudi kukaa na kusema "bus" kwa kofi moja, safi kabisa.

Tangu siku ile sisemi tena kwamba basu ni kosa. Ni Kijapani sahihi. Kiingereza ni chumba kingine, na ukiingia unabadilisha viatu, jambo ambalo watoto hawa wanalielewa kuliko mtu yeyote: kila asubuhi mlangoni wanavua viatu vya nje, wanavipanga kwenye visanduku vyao, na kuvaa vya ndani.

Sehemu kubwa ya ufundishaji iko nje ya kipindi. Mchana tunakula darasani pamoja. Watoto wa zamu huvaa aproni nyeupe, kofia na barakoa, wanapakua wali na supu, wanagawa maziwa ya mililita 200. Mwalimu mkuu huwa amekwisha kuonja chakula kabla yao, ili kama kina dosari aigundue yeye kwanza. Nikiwa mezani huwaambia kwamba neno letu "meza" tulipewa na Wareno, kama wao walivyopewa "pan", yaani mkate.

Na salamu! Hapo nilijihisi nyumbani mapema kuliko nilivyotarajia. Jioni mtu akiondoka kwenye ofisi ya walimu huomba radhi kwamba anatangulia, na waliobaki humjibu "otsukaresama". Kwa Kiingereza nilishindwa kumweleza mama yangu maana yake. Kwa Kiswahili ni maneno matatu tu: pole na kazi.

Majira ya baridi ni magumu, sitaficha. Unaamka gizani kuondoa theluji kwa beleshi kabla ya kwenda kazini, na mafuta ya taa ya hita yakikuishia usiku, utalala na koti. Bibi jirani huniachia figili nyeupe mlangoni, ndefu kama mkono wangu, na haniulizi chochote.

Baada ya chakula shule nzima husafisha, walimu pamoja na watoto. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye sinki tukifua matambara, mvulana mmoja akapuliza povu na kuniambia "shabondama". Dama ni vigololi. Shabon ni neno lililoletwa na meli za Wazungu karne nyingi zilizopita. Nikamwambia kwetu ni sabuni, ambalo sisi tulilipata kwa Waarabu. Akapiga makofi polepole kwa mikono iliyolowa: sa, bu, ni. Akahesabu matatu, kisha akalijaribu neno lake.