Je, wajua kwa nini seli tano tu za saratani kwenye damu humtia wasiwasi daktari wa saratani ya matiti?

Mwaka 1869 daktari Thomas Ashworth wa Australia aliitazama kwa hadubini damu ya mtu aliyefariki kwa saratani. Akaona ndani yake seli zilizofanana na zile za uvimbe wa marehemu. Alikuwa ameziona seli zilizobanduka na kuzurura. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya kupatikana njia ya kuzihesabu kwa uhakika, kwa sababu ni chache mno: mililita moja ya damu hubeba chembe nyekundu zipatazo bilioni 5, na huenda isiwe na seli ya saratani hata moja.

Mtego uliopatikana unapendeza kwa urahisi wake. Saratani ya matiti huanzia kwenye seli zinazotanda ndani ya mirija na vifuko vya maziwa, nazo huwa na protini ambayo chembe za damu hazina. Damu huchanganywa na chembechembe za chuma zilizovishwa kingamwili inayoishika protini hiyo, kisha sumaku huzivuta. Seli iliyokwisha kuipoteza protini hiyo hupita bila kunaswa, kwa hiyo kipimo kikisoma sifuri, hakimaanishi kwamba saratani imekwisha.

Mwaka 2004 Massimo Cristofanilli na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 177 ambao saratani yao ya matiti ilikuwa imeshasambaa. Kati ya waliokutwa na seli 5 au zaidi katika mililita 7.5 za damu, nusu walifariki ndani ya miezi 10 hivi. Kwa waliokuwa na pungufu ya 5, muda huo ulizidi miezi 18. Tukumbuke nusu ya pili pia: wale wa kundi la kwanza walioishi zaidi ya hapo. Takwimu ya kundi si hukumu ya mtu mmoja.

Kwa nini seli chache hivyo ziseme mengi? Kwa sababu hazidumu. Msukumo wa damu na kinga ya mwili huziua nyingi kwa muda wa saa chache tu. Ukizikuta leo, si za mwezi uliopita. Kuna mahali panapozimwaga sasa hivi. Nazo zikisafiri kwa vishada, majaribio ya panya yanaonyesha kuwa huotesha uvimbe mpya kwa urahisi zaidi kuliko seli moja moja.

Hata hivyo, kujua si kutibu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia wanawake ambao idadi yao ya seli haikushuka baada ya mzunguko wa kwanza wa tibakemikali. Waliobadilishiwa dawa mapema hawakuishi muda mrefu kuliko walioendelea na ile ile. Inauma, lakini ndiyo maana watafiti sasa hawaishii kuzihesabu: wanazifungua na kuzisoma jeni zake, wakitafuta ni dawa ipi inayoweza kuzifikia.