Fyuzi ya joto kwenye draya ni nini, na kwa nini huungua

Fyuzi ya joto ni kifaa kidogo kinachokata umeme wa koili (waya unaotoa joto) ya mashine ya kukaushia nguo pale joto linapopita kiwango cha usalama. Thamostati, yaani kidhibiti joto, huzima na kuwasha koili mara kwa mara. Fyuzi ikishakata haijirudishi. Ndiyo maana ngoma huzunguka vizuri lakini nguo zinatoka baridi na mbichi. Kwenye baadhi ya modeli hukata mota pia.

Kabla hujafungua skrubu yoyote, tazama breka, yaani swichi ya usalama kwenye boksi la umeme la nyumba. Draya nyingi za umeme za Marekani na Kanada hutumia volti 240 kutoka nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120 ukipimwa na nyutro (waya wa kurudisha umeme). Mota inatosheka na mmoja, koili inataka zote mbili. Ule usiolisha mota ukikatika, mashine inazunguka bila joto. Zima breka kabisa, kisha iwashe upya. Kwa umeme wa nyumbani wa Kenya au Tanzania usitafute hitilafu hii, kwani mota na koili hulishwa na waya uleule.

Umeme ukiwa salama, chomoa plagi na ufungue kifuniko. Toa waya mmoja wa fyuzi, weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), gusisha ncha zote mbili. Fyuzi nzima husoma karibu na 0. Iliyoungua haisomi kitu, mita inabaki kama vile ncha hazijagusa chochote. Kisha pima koili: ya wati 5,400 kwa volti 240 husoma takribani omu 10 hadi 11. Pima pia kati ya kila ncha ya koili na bodi, yaani chuma cha mwili wa mashine. Hapo mita isisome chochote. Koili iliyolegea ikagusa bodi inaweza kuendelea kuwaka hata thamostati ikiwa imezima, na hiyo inaua fyuzi mpya upesi sana.

Lakini chanzo cha kawaida ni hewa kukosa njia. Nyuzinyuzi za nguo hujaa kwenye bomba la kutolea hewa, au bomba lenyewe limebanwa kati ya mashine na ukuta. Livute, lisafishe lote mpaka kifuniko cha nje, ndipo ufunge fyuzi yenye namba ileile ya modeli yako. Kuiruka kwa kipande cha waya ni kukaribisha moto ndani ya nyumba. Usikubali hata fundi akikuambia ni kwa siku moja tu. Ukiwasha tena, toka nje ukaweke mkono kwenye tundu la bomba: hewa isukume kwa nguvu na kifuniko kibaki wazi.