Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini chawa alionwa na nani?

Wiki iliyopita nilipigiwa simu ile ile tena. Afisa wa rasilimali watu wa kampuni moja anataka kuleta watu 20 Kisumu, siku mbili, hoteli ya karibu na ziwa. "Mwalimu, tunataka wafanyakazi wawe wabunifu. Tutawakusanya wachemshe bongo, wewe uwe unaandika ukutani. Si unajua kidole kimoja hakivunji chawa?" Jioni ya siku ya pili wote twende ufuoni Dunga tukale samaki, ngege.

Ngege sina ugomvi naye. Huyo chawa ndiye amenichosha. Methali hii nimesomewa na watu wa sukari, wa maziwa, wa sako, hata na mkuu wa shule. Ni kweli, kumvunja chawa kunataka vidole viwili. Lakini kabla hajavunjwa lazima aonekane, na kumsaka kwenye mshono wa shati ni kazi ya mtu mmoja aliyeinama kimya karibu na taa. Watu 20 wakiliinamia shati moja watazibiana mwanga tu.

Kikao cha kuchemsha bongo kama tunavyokijua kilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani wa biashara ya matangazo, hasa kwa kitabu chake cha 1953. Masharti yake mnayajua: toeni mengi, msikosoe, ya ajabu karibuni, endelezeni la mwenzenu. Alidai pia kwamba mtu wa kawaida hutoa mawazo maradufu akiwa kwenye kundi. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, kule kule Marekani, wakalipima dai hilo. Upande mmoja waliweka makundi ya wanafunzi wanne wanne. Upande wa pili kila mwanafunzi alifanya peke yake, kisha mawazo ya wanne wanne yakajumlishwa, yaliyojirudia yakihesabiwa mara moja. Wa peke yao wakatoa karibu maradufu ya makundi. Osborn aliipatia hiyo maradufu, akakosea upande. Majaribio chungu nzima yaliyofuata yameleta jibu hilo hilo, na mimi bado nakodiwa kuandika ukutani.

Nikisema haya naambiwa, "Ah, ni watu kuona haya." Haya ipo. Uvivu wa kujificha nyuma ya wenzako nao upo. Lakini sababu kubwa ni ndogo kiasi kwamba watu hukataa kuiamini: zamu. Mwaka 1987 watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe waliwaweka watu kila mmoja kwenye chumba chake, na taa za kuwaonyesha kwamba mwenzao anaongea, wangoje. Hakuna uso wa kuogopa, hakuna bosi, ni taa tu. Mawazo yakapungua kama ya watu waliokaa kikao.

Jitazame ukiwa kikaoni. Mtu wa stoo anasimulia gari lililoharibika Londiani. Wewe umeshika wazo lako kama kikombe cha chai ya moto kisicho na mkono, unalirudiarudia kichwani lisimwagike. Ukiwa katika hali hiyo la pili litatoka wapi? Zamu yako ikifika, limepoa, au unaona linakaribiana na lililosemwa, unalimeza. Kikao cha saa moja chenye watu 20 kinampa kila mtu dakika 3 za kusema na 57 za kungoja, na hapo nimehesabu kana kwamba mkurugenzi naye atasema kwa dakika 3. Mtaniambia ni lini mlimwona.

Kiwanda kimoja cha mikate, mji sitautaja, kilikuwa kikirudishiwa mikate iliyobonyea. Mkurugenzi alifungua kikao kwa kusema yeye anahisi ni magari. Basi tukachemsha magari: springi, matairi, madereva, mashimo ya barabarani. Ukuta ulijaa, na kila wazo lilikuwa na magurudumu. Kesho yake niligawa karatasi kule kule kwenye kupakia, dakika 10, bila jina, bila kuongea. Kijana mmoja wa kupakia akaandika maneno matatu: "mkate bado moto". Mikate ya safari ndefu ilikuwa ya mwisho kutoka kwenye tanuri na ya kwanza kuingia garini, kwa hivyo iliingia kwenye kreti ikiwa laini kama sifongo. Walibadilisha mpangilio wa kuoka. Hakuna gari lililonunuliwa.

Nakiri kwamba pengine karatasi haikuwa na miujiza yoyote. Pengine mtu angemuuliza tu kijana yule kwenye chai ya saa nne, angesema. Kikao cha siku ya kwanza hakualikwa, na orodha ya walioalikwa niliiona nikanyamaza.

Rangi za ukuta, muziki, michezo ya kurushiana mpira: sina muda nayo.

Nina muda na lile sharti la "msikosoe". Mwaka 2004 mtafiti Charlan Nemeth na wenzake walilijaribu Marekani na Ufaransa. Makundi yaliyoambiwa yabishane, hata kukosoana, yalitoa mawazo mengi kuliko makundi yaliyokatazwa kukosoa. Nilifurahi nikalibeba hilo hadi Kakamega. "Leo kukosoana ni ruksa." Kimya, feni ndiyo iliyosikika. Kisha mama mmoja wa uhasibu akasema kwa upole, "Mwalimu, huyu mwenye wazo ndiye anasaini likizo yangu." Tangu hapo nina shaka kama dawa ile inatibu ofisi ambamo unayemkosoa ni rika la baba yako. Siku hizi karatasi zinachanganywa kwanza, ndipo tunazichambua, na mwenye wazo anaweza kulikosoa lake mwenyewe bila mtu kujua.

Liko na jambo ambalo wateja huwa siwaambii haraka. Utafiti wa 2006, ambao Stroebe naye alikuwemo, ulikuta kwamba waliofanya kila mtu kivyake walipata mawazo mengi zaidi, lakini walipoambiwa wachague yaliyo bora, hawakuchagua vizuri kuliko makundi. Kumbe mengi ghalani hayakufundishi kupika. Nimeshuhudia: watu wakishapata mawazo 60, wanachagua lile lisilomtisha yeyote. Kwa hilo sina karatasi ya kugawa. Huwa nawaomba wachague mawili, moja la salama na moja la kuwanyima usingizi, wayajaribu yote wiki mbili kwa gharama ndogo. Mara nyingine la pili hufa wiki ya kwanza.

Nilimjibu yule afisa hivi: tuma swali siku tatu mapema, kila mtu aje na vyake vimeandikwa, wa kupakia na wa kufagia wakiwemo, asubuhi tusome, mchana tubishane, Dunga ibaki palepale. Akasema sawa, ila ni lazima mkurugenzi afungue kikao. Nikamwandikia: afungue kwa maombi, kisha arudi saa nane. Tiki zimekuwa buluu tangu jana.